Nani Amlipe Mwalimu wa Watoto Wadogo?

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Methali hii sisi walimu wa Kiswahili huifundisha kila mwaka. Huieleza maana yake ya nje na ya ndani, kisha tukawataka wanafunzi waitungie kisa. Lakini ni nadra kujiuliza swali lililo jepesi kulitamka na zito kulijibu: mfinyanzi anayeuwahi udongo huo, yaani mwalimu wa watoto wa miaka mitatu, minne na mitano, hulipwa na nani?

Katika makala haya tunakusudia kulifuata swali hilo katika historia ya nchi zetu za Afrika Mashariki. Tutaanzia siku za chuoni, tupitie vijiji vya harambee na vya ujamaa, hata tufike katika zama hizi za elimu ya msingi bila karo. Kati ya safari tutavuka bahari kwenda Marekani, kwa kuwa huko ndiko lilikofanywa jaribio ambalo wachumi hulitaja zaidi kila linapozuka suala la faida ya kuwafundisha watoto wadogo. Neno tunalotaka kulionyesha ni moja tu. Faida za elimu ya awali zimekwisha kushuhudiwa, ila hazimfikii mtoto wa maskini mpaka hazina ya umma ikubali kuubeba mshahara wa mwalimu wake.

Majina mengi

Mwalimu wa lugha huanza na maneno, nasi tuanze hapo. Mahali wanapokusanyika watoto wadogo ili walelewe na kufunzwa pamepewa majina mengi katika Kiswahili. Wako wanaosema shule ya vidudu, wako wanaosema chekechea, wengine nasari, wengine kituo cha kulelea watoto mchana. Na katika nyaraka za serikali husomwa elimu ya awali. Majina haya hayana uzito mmoja. Anayesema kituo cha kulelea anafikiria usalama wa mtoto wakati mama yuko kazini. Anayesema elimu ya awali anafikiria ngazi ya kwanza ya masomo. Historia tunayoieleza ni historia ya safari kutoka neno la kwanza hadi neno la pili. Na tutaona kwamba jina lilibadilika upesi kuliko mlipaji.

Katika pwani ya Waswahili mtoto alipelekwa chuoni angali mdogo, akajifunza alifu na bee ubaoni, akahifadhi sura fupi za Kurani. Mwalimu wa chuo aliishi kwa ada ndogo, kwa zawadi za wazazi, na pengine kwa kazi za mikono za wanafunzi wake. Kule bara, elimu ya mtoto mdogo ilikuwa mikononi mwa bibi, shangazi na dada wakubwa. Hadithi za jioni, vitendawili, michezo na kazi ndogondogo za nyumbani ndizo zilizokuwa mtaala. Elimu hiyo haikuhitaji mshahara, maana aliyefundisha na aliyefundishwa walikula chungu kimoja.

Mpango huo ulitikiswa na uchumi wa kikoloni. Mama alipoingia katika mashamba makubwa ya kahawa na ya majani ya chai kufanya kazi ya kuajiriwa, na bibi akabaki mbali kijijini, mtoto hakuwa tena na mlezi wa mchana. Hapo ndipo vilipozuka vibanda vya kuwakusanyia watoto mashambani, chini ya uangalizi wa mama mmoja au wawili. Kazi ya vibanda hivyo ilikuwa kulinda tu; hakuna aliyetazamia wafundishe.

Vijiji vya Hali ya Hatari na wito wa harambee

Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952, kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 wakazi wengi wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, na wanawake walitolewa kila siku kwenda kufanya kazi za lazima. Watoto walibaki. Katika vijiji hivyo yalianzishwa makazi ya mchana ya watoto, nayo ni miongoni mwa mizizi ya chekechea za Kenya. Ni mizizi yenye uchungu: mahali pa kwanza ambapo watoto wadogo wa Kiafrika walikusanywa kwa wingi hapakuwa pa kuwaendeleza, bali pa kuwahifadhi wakati mama zao wakitumikishwa.

Uhuru ulipopatikana mwezi Desemba 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi wajenge taifa kwa harambee. Wazazi, na hasa akina mama, waliuitika wito huo kwa kujenga shule za watoto wadogo. Walitoa miti, udongo na mabati. Wakaunda kamati, kisha wakamtafuta msichana wa hapo kijijini aliyesoma kidogo wakamfanya mwalimu. Alilipwa kwa karo ya wazazi. Mavuno yakiwa mema, alipata chochote; mvua ikikosekana, naye alikosa. Wengi walifundisha kwa mapenzi mpaka walipopata kazi nyingine, wakaenda zao.

Hatupendi kulidharau jambo hili. Ni wachache duniani waliojenga shule nyingi za watoto kwa fedha kidogo kiasi hicho. Lakini haina budi kusemwa kwamba harambee ilikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya wema wake: kijiji chenye mali kilipata mwalimu mzuri, na kijiji maskini kilipata yeyote aliyekubali. Mtoto aliyehitaji zaidi ndiye aliyepewa kidogo.

Serikali nayo haikukaa kimya. Kati ya mwaka 1971 na 1982 uliendeshwa mradi wa elimu ya awali katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer. Mradi huo ulitafuta namna bora ya kuwafunza walimu wa chekechea na kutunga mtaala unaofaa watoto. Mwaka 1980 chekechea zilihamishwa kutoka wizara iliyoshughulikia utamaduni na huduma za jamii, zikawekwa chini ya wizara ya elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na kuanzia mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu wakiwa kazini.

Msomaji aone mgawanyo wa ajabu uliotokea hapo. Mafunzo yalikuwa ya serikali, mtaala ulikuwa wa serikali, na mkaguzi alikuwa wa serikali. Lakini mshahara wa mwalimu ulibaki juu ya mzazi. Mwenzake wa darasa la kwanza, aliyefundisha katika chumba cha pili katika uwanja uleule, alilipwa na taifa. Mmoja alihesabiwa kuwa mtumishi wa umma, na mwingine akahesabiwa kuwa kibarua wa kamati.

Somo la mwaka 2003

Udhaifu wa mgawanyo huo ulidhihirika mwaka 2003. Mwezi Januari mwaka huo serikali mpya ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi kwa muda mfupi. Ulikuwa ushindi mkubwa, na dunia nzima iliusifu.

Lakini karo ya darasa la kwanza ilifutwa, na karo ya chekechea ikabaki. Mzazi maskini alipiga hesabu iliyo wazi. Ikiwa elimu ya mtoto wa miaka sita ni bure, kwa nini nilipie ya mtoto wa miaka minne? Wengine waliwatoa watoto wao chekechea wakawakalisha nyumbani kungoja umri. Wengine waliwapeleka moja kwa moja darasa la kwanza ingawa hawajafikia umri. Mahali pengi chekechea zilipungukiwa na watoto, na mwalimu aliyetegemea karo zao akapungukiwa na riziki. Kwa hiyo sera iliyokusudiwa kumwinua mtoto wa maskini ilimwondolea, bila kukusudia, ngazi ya kwanza ya kupandia.

Hili ni funzo kwa kila anayepanga elimu. Fedha ya umma ikimwagwa katika ngazi moja na ngazi iliyo chini yake ikaachwa kavu, watu watairuka ile kavu. Hawatairuka kwa ujinga, bali kwa hesabu ya mfukoni.

Jaribio la Ypsilanti

Je, ni hasara gani hasa mtoto anapoikosa ngazi hiyo? Kwa muda mrefu walimu walijibu kwa uzoefu, na wenye fedha wakawaambia kwamba uzoefu si ushahidi. Jibu lililowashawishi wenye fedha lilitoka katika mji mdogo wa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan nchini Marekani.

Mwaka 1962 David Weikart, aliyekuwa ofisa katika idara ya shule za umma za mji huo, alisumbuliwa na hali ya watoto wa Wamarekani weusi kutoka nyumba maskini, ambao walishindwa masomo darasa baada ya darasa. Yeye na wenzake waliwachukua watoto 123 wa nyumba kama hizo, wakawagawa katika makundi mawili kwa namna iliyokaribia kura. Watoto 58 walipelekwa chekechea iliyofunguliwa katika shule ya msingi ya Perry, wakiwa na umri wa miaka mitatu na minne. Wale 65 hawakupelekwa. Watoto walihudhuria asubuhi za siku za shule kwa saa mbili u nusu. Kadhalika, kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Walimu wanne waliwahudumia watoto wapatao 20 hadi 25. Tena, na hili tunaomba likumbukwe, walimu hao walikuwa wenye vyeti kamili, wakilipwa kwa kiwango cha walimu wa shule za umma pamoja na nyongeza.

Mafunzo yalikoma mwaka 1967, lakini watafiti waliendelea kuwafuata watoto hao maishani mwao. Mwanzoni matokeo yalifurahisha, kisha yakavunja moyo. Waliohudhuria walipata alama za juu katika vipimo vya akili, lakini baada ya miaka michache katika shule ya msingi tofauti hiyo ilitoweka. Mkaguzi mwenye haraka angalifunga kitabu hapo na kuandika kwamba fedha zilipotea.

Watafiti hawakufunga kitabu. Watoto hao walipofikia umri wa miaka 40, tofauti ilionekana kwingine kabisa. Waliohitimu sekondari kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 65 ya waliohudhuria chekechea, na asilimia 45 tu ya wenzao. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, na kwa wenzao asilimia 55. Waliopata dola 20,000 au zaidi kwa mwaka walikuwa asilimia 60, na kwa wenzao asilimia 40. Hesabu iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria kwamba kila dola iliyotumika ilirudisha zaidi ya dola 16, sehemu kubwa ikiwa ni gharama za uhalifu zilizoepukwa. Mwaka 2010 James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, alishirikiana na wenzake kuipitia hesabu hiyo upya kwa ukali zaidi. Wakapata kwamba faida ilikuwa kati ya asilimia 7 na 10 kila mwaka. Ni mashamba machache yanayozaa hivyo.

Tusiitumie habari hii bila kiasi. Watoto 123 ni wachache, mji wa Ypsilanti si kijiji cha Busoga wala cha Ukerewe, na mwalimu mmoja kwa watoto watano au sita ni anasa ambayo nchi zetu haziwezi kuiahidi kesho. Lakini mambo mawili yanavuka bahari bila kuharibika. La kwanza ni kwamba kinachobaki kwa mtoto si herufi alizozijua mapema, maana hizo wenzake huzifikia. Kinachobaki ni tabia ya kujaribu, kuvumilia, kuuliza na kushirikiana. La pili ni kwamba jaribio hilo halikuwa la majengo wala la madaftari. Lilikuwa jaribio la walimu waliofunzwa, waliolipwa na umma, na waliokuwa na nafasi ya kumjua kila mtoto kwa jina na kwa nyumba yao.

Vijiji vya ujamaa na madarasa ya awali

Turudi nyumbani, tutazame Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea wa mwezi Machi mwaka huohuo, malezi ya watoto wadogo yalichukuliwa kuwa sehemu ya maisha ya kijamaa. Vituo vya kulelea watoto mchana vilianzishwa vijijini, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ukashika nafasi kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kusimamia vituo hivyo. Hata hivyo juhudi kubwa ya taifa ilielekezwa katika shule ya msingi, kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Mlezi wa kituo aliendelea kutegemea kijiji na wazazi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilibadili neno. Malezi ya mchana yakaitwa elimu ya awali, na ikatakiwa madarasa ya watoto wa miaka mitano na sita yaambatane na shule za msingi. Sera ya mwaka 2014 ikaenda mbele zaidi, ikaufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Karo zilipofutwa kuanzia mwaka 2016, watoto walioandikishwa katika madarasa ya awali walipanda kutoka milioni moja na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2016.

Hapo likaonekana jambo lililo kinyume na la Kenya. Kenya ya mwaka 2003 iliifungua shule ya msingi ikauacha mlango wa chekechea umefungwa kwa karo, na watoto wakatoka. Tanzania ya mwaka 2016 iliifungua milango yote miwili, na watoto wakaingia kwa wingi usio na kifani, lakini walimu waliofunzwa kazi hiyo hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Katika miaka hiyo hesabu za serikali zilionyesha watoto zaidi ya 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Mtu akisema darasa la watoto mia ni elimu ya awali, na tumwulize ni mwalimu gani awezaye kuwashikisha kalamu watoto mia wa miaka mitano. Kufuta karo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwajiri mwalimu.

Kutoka Mombasa hadi Kampala

Upo mfano mwingine, nao umetufikia hata sisi tulioko Uganda. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walitaka watoto wao wapate malezi yatakayowaandaa kwa shule bila ya kuwatenga na dini yao. Walisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan. Mwaka 1986 mwalimu Bi Swafiya Said wa Mombasa aliianza kazi ya kuunganisha mafunzo ya chuoni na mbinu za chekechea: michezo, hadithi, vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu, mbegu na vitambaa, pamoja na mafunzo ya dini. Akina mama wa mtaani walifunzwa wakawa walimu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba waliohudhuria chekechea yoyote waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na waliohudhuria chekechea za mpango huo waliendelea vizuri zaidi. Basi ushahidi hautoki Michigan pekee. Umetoka pia katika mitaa yetu, kwa walimu wetu, na katika lugha zetu. Ila hata hapa swali letu la kwanza halikupata jibu kamili. Mfadhili alitoa mafunzo na kianzio, lakini mshahara wa kila mwezi uliendelea kutegemea karo za wazazi, na mwalimu aliyefunzwa vizuri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvutwa na kazi yenye malipo bora.

Hali ya kwetu

Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote mwezi Januari 1997. Wanafunzi waliokuwa wapatao milioni 3 mwaka 1996 walizidi milioni 5 mwaka 1997. Kuhusu watoto wadogo, mwongozo wa kuwafundisha wenye umri wa miaka mitatu hadi sita ulitolewa mwaka 2005, na sera ikafuata mwaka 2007. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, lakini ikaiacha mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Kwa maneno mengine, sheria iliitambua ngazi hiyo, kisha ikamwachia mzazi kuigharimia.

Matokeo tumeyaona kwa macho yetu. Tuliwahi kualikwa katika shule moja ya kijijini kusikiliza somo la darasa la kwanza. Watoto walijaa madawatini hadi sakafuni. Katika safu ya mbele msichana wa miaka saba alikuwa amempakata mdogo wake aliyelala usingizi. Mwalimu alitueleza, bila ya kulalamika, kwamba wengi wa wale wadogo hawajafikia umri. Huletwa na dada zao kwa sababu nasari ya kulipia iko mbali na ni ghali, na mama zao wako shambani. Hana moyo wa kuwafukuza. Mwaka ukiisha baadhi yao hurudia darasa lilelile, na mwaka wa pili wakarudia tena, mpaka wafikie umri wa kuelewa.

Basi nani anasema kwamba taifa haligharimii elimu ya awali? Linagharimia, ila kwa njia mbaya kuliko zote. Linamlipa mwalimu wa darasa la kwanza afanye kazi ya walimu wawili, na linalipia mwaka mmoja wa mtoto mara mbili au mara tatu. Fedha imetoka; faida haikuingia. Mkulima anayeona uvivu kutayarisha shamba hupanda mbegu mara mbili.

Kwa nini tunaandika

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini walimu wa Kiswahili, ambao wengi wetu hufundisha watoto waliokwisha kukua. Linatuhusu sana. Mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi na kuisimulia upya, kutega na kutegua vitendawili, na kuuliza maana ya neno asilolijua, huipokea lugha ya pili na ya tatu kwa urahisi, kwa sababu ameshajua kwamba maneno yana raha na yana kazi. Mtoto asiyepata hayo hutufikia akiwa na hofu ya kufungua kinywa, nasi hupoteza miaka kumwondolea hofu hiyo kabla ya kumfundisha ngeli hata moja. Nyumba nyingi zimepoteza bibi wa kusimulia jioni. Chekechea ndiyo iliyobaki kuwa kibaraza chake.

Tunajua hoja ya wanaopinga. Husema kwamba hazina ni ndogo, kwamba sekondari na vyuo vina mahitaji, na kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kungoja. Hoja ya uchache wa fedha ni ya kweli, nasi hatuipuuzi. Lakini mtoto hangoji. Hukua hivyohivyo, awe amefunzwa au hakufunzwa. Na kama fedha ni chache, basi historia tuliyoieleza imeonyesha zianzie wapi: si katika majengo ya fahari wala magari ya miradi, bali katika mshahara wa mwalimu mmoja aliyefunzwa, katika kila shule ya msingi iliyokwisha kujengwa.

Kenya imekwisha kupiga hatua upande huo. Katiba yake ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, nyingi zimewaajiri walimu wa chekechea kwa fedha ya umma. Malipo hayalingani, na malalamiko hayajaisha. Kaunti moja humlipa mwalimu vizuri na jirani yake humlipa kidogo. Lakini tofauti iliyopo ni kubwa. Zamani mwalimu huyo alikuwa akiomba hisani ya kamati. Siku hizi anadai haki yake kwa mwajiri. Anayedai haki ana mahali pa kusimama.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wafanye jambo moja dogo. Mara nyingine mtakapowafundisha wanafunzi methali ya udongo na maji, waulizeni pia habari za mfinyanzi: ni nani katika kijiji chao awafundishaye watoto wadogo, alisomea wapi kazi yake, na mwezi uliopita alilipwa na nani. Majibu watakayoyaleta yaandikeni, myaweke, na siku viongozi watakapokuja kuomba kura, yasomeni mbele yao. Taifa litakalotambua kwamba mtoto ni wake tangu akiwa na miaka mitatu, na si tangu akiwa na miaka sita, halitakosa kumwona aliyekaa naye kibarazani akimshikisha mkono kuandika herufi ya kwanza.